Malori ya saa nane usiku: uchambuzi wa kisa cha kupima hewa kwenye shule moja ya msingi Dar

Hiki kisa nakitumia na wanafunzi wangu wa kemia ya angahewa tukifika sehemu ya vipimo vya uwanjani, na nimeamua kukiandika kizima maana kikisimuliwa kwa mdomo kila mtu anaondoka na mtu wake wa kumlaumu. Shule, chuo, kata, mwaka na majina nimeviondoa, na vitu vichache visivyogusa kemia nimevigeuza ili asitambulike mtu. Mimi sikuwa kwenye timu, niliingia mwishoni kama mtahini wa pili, kwahiyo ninachoandika nimekitoa kwenye ripoti, kwenye madaftari, na kwenye maongezi na wahusika mambo yalipopoa.

## Hali ilivyokuwa

Shule ya msingi ya serikali, watoto kibao kama kawaida ya Dar, imekaa ubavuni mwa barabara kubwa inayotoka mjini. Mchana barabara ni ya daladala, bajaji na bodaboda, usiku inakuwa ya malori ya makontena kutoka bandarini. Wazazi walikuwa wanalalamika siku nyingi, watoto wanakohoa, madawati ya asubuhi ukipitisha kidole kinatoka cheusi, na ukiuliza mkosaji nani jibu lilikuwa moja tu, malori.

Binti mmoja wa mwaka wa mwisho, kemia, mwanafunzi makini kwa kweli, akaomba kufanya utafiti wake pale. Akapewa kifaa cha bei nafuu cha kupima PM2.5, yaani zile chembe zenye upana wa maikromita 2.5 kushuka chini. Ukitaka picha, unywele wa mtu una kama maikromita 50 mpaka 70, kwahiyo hizi huzioni moja moja na pua haizizuii, zinashuka mpaka chini kabisa kwenye mapafu. Kifaa chenyewe kinavuta hewa kwa feni ndogo, kinaimulika kwa leza, kinaangalia mwanga umetawanyika kiasi gani, halafu kutoka hapo kinakisia uzito. Uzito hakijawahi kuupima. Hilo liweke pembeni, tutalihitaji.

Kifaa kilifungwa kwenye dirisha la ofisi ya walimu. Sababu zinaeleweka, hapo kuna soketi, kuna nondo mwizi hapiti, na walimu wanaweza kuangalia kama taa inawaka. Ila ofisi hiyo upande wake wa nyuma imepakana na banda la jiko ambapo unapikwa uji wa watoto kwa kuni. Kwenye mpango wa utafiti jiko halikutajwa hata mara moja, wala kwenye ramani waliyochora. Barabara imechorwa vizuri na mishale ya upepo juu.

Na hapa nina neno na sisi walimu. Kozi zetu nyingi zinaanza na London, Desemba 1952, ule moshi wa makaa ya mawe uliofunika mji kuanzia tarehe 5 mpaka 9, halafu zinaruka Los Angeles ambako mkemia Haagen-Smit alionyesha moshi wa magari ukipigwa na jua unazaa ozoni. Ni mifano mizuri na nitaendelea kuifundisha. Lakini mwanafunzi akitoka hapo kichwani ana viwanda na magari tu, jiko la kuni na taka zinazochomwa nyuma ya nyumba anaviona ni mambo ya kijijini kwao sio kemia. Halafu tunamtuma Temeke.

## Mambo yalivyokwenda

Vipimo vilianza mwishoni mwa masika. Baada ya siku chache faili likawa na mchoro ule ule kila siku ya kazi, mchana hewa ya kawaida ya Dar, jioni kunapanda kidogo, halafu kati ya 01:00 na 04:00 mlima, kilele kwenye 02:00, namba zinapita mia, yaani maikrogramu mia kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa. Saa nane usiku! Na nani asiyejua usiku ni zamu ya malori? Wazazi wanaoishi jirani wanayasikia kitandani. Kwenye daftari lake binti aliandika kwamba dhana imethibitika na akapiga mstari chini yake mara mbili.

Kesho yake mwalimu mmoja akapiga picha skrini ya laptopu, ile rangi nyekundu kabisa, akaitupa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Ikasambaa. Ndani ya wiki kukawa na kikao, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaitwa, ikaandikwa barua ya kuomba malori yapangiwe njia nyingine, na mzazi mmoja akasema hewa ya shule imezidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani mara nane. Hesabu yake ilikuwa sahihi, mia na ishirini ukigawa kwa 15 unapata nane. Shida ni kwamba ile 15 ya WHO, ya mwongozo wa 2021, ni wastani wa saa 24 nzima, na yeye aliilinganisha na kilele cha saa moja. Chukua mfano wa darasani: saa mbili za 120 na saa ishirini na mbili za 20, wastani wa siku unatoka kama 28. Bado imezidi, karibu mara mbili, ila mara mbili na mara nane ni barua mbili tofauti kabisa.

Msimamizi wa yule binti aliiona picha kwenye simu ya mtu mwingine. Akapandisha, na siwezi kumlaumu. Akatoa amri: hakuna namba kutoka mpaka data ihakikiwe. Kisayansi yuko sawa, data ghafi ya kifaa cha laki kadhaa huwezi kuipeleka mezani kwa watu kama hukumu. Tatizo ni kwamba amri ilienda kwa mwanafunzi peke yake. Mwalimu mkuu hakuambiwa, kamati ya shule haikuambiwa, ule ukurasa wa mtandaoni wa kifaa ukazimwa tu. Wazazi wakaona leo kuna rangi nyekundu kesho hakuna kitu. Unajua mjini maneno yanavyotembea, kufikia wiki ya pili tayari chuo kimekula hela ya wenye malori.

Katikati ya hayo yote kuna daftari la mlinzi. Mwanzoni kabisa binti alimpa mzee mlinzi daftari la shule na kalamu amwandikie malori yanapita saa ngapi, alitaka ushahidi wa kuweka kwenye kiambatisho. Msimamizi alipoliona alisema hiyo sio data, ni hadithi. Likawekwa kando. Wakati wa ule ukimya binti alienda kulichukua ili angalau awe na kitu cha kufanya, na maongezi yao aliyaandika:

"Shikamoo mzee. Mbona hapa saa nane kila siku hujaandika kitu?"

"Marahaba binti yangu. Saa nane niandike nini? Malori ni kuanzia saa nne mpaka saa saba hivi, yakishapungua mimi mwenyewe nasinzia, nisikudanganye. Mpaka saa kumi na moja mama anapokuja kuwasha jiko, hapo na moshi wake siwezi kulala."

Alirudi bwenini akafungua faili upya, safari hii akaangalia safu ambayo hakuna aliyeigusa, ya joto. Kifaa kina kipimajoto kidogo ndani. Joto la chini kabisa lilikuwa linaangukia 03:00 na la juu kabisa 10:00 au 11:00. Sasa Dar ni wapi joto linafika kileleni saa nne asubuhi halafu saa sita mchana linaanza kushuka? Hakuna. Joto la chini ni karibu na mapambazuko, la juu ni saa saba saa nane mchana. Faili zima lilikuwa limerudi nyuma saa tatu, kwa sababu kifaa kinaandika muda wa UTC, ile saa ya kimataifa, na sisi huku tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Ile 02:00 haikuwa saa nane usiku, ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Na malori yenyewe, yale ya saa nne mpaka saa saba, yanaangukia 19:00 mpaka 22:00 kwenye faili, mahali ambapo grafu ina kamwinuko ka kawaida tu.

## Maamuzi, na kwanini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutokimbilia jiko. Huu naupenda. Maana baada ya kurekebisha saa ilikuwa rahisi sana kumshika mama mpishi mkono na kusema tumempata, kosa lile lile, limegeuzwa uso tu. Msimamizi alikataa, akauliza swali zuri: alfajiri kuna nini kingine?

Kuna vitu vitatu vinakutana saa hiyo hiyo. Kwanza hewa yenyewe inakuwa imelala. Usiku ardhi inapoa, tabaka la chini la hewa linapoa nalo na linakaa chini ya hewa yenye joto zaidi, upepo wa nchi kavu unakuwa dhaifu, kwahiyo moshi wowote wa usiku kucha, majiko, taka, magari, unabaki pale pale chini mpaka jua lipashe ardhi na upepo wa bahari uingie baadaye kusukuma. Pili kuna moto wa jiko, na baada yake, kwenye saa kumi na mbili na nusu, watoto wanafagia uwanja na majani yanachomwa pembeni. Tatu unyevu. Huu ndio unaowaangusha wengi pwani.

Mji wa bahari una punje za chumvi hewani muda wote. Unyevu ukifika kama asilimia 75 punje ya chumvi inavuta maji mpaka inageuka tone la maji chumvi, ukifika asilimia 80 tone hilo lina upana karibu mara mbili ya punje kavu, yaani ujazo karibu mara nane, na karibu wote ni maji. Alfajiri ya masika Dar inapita 80 bila shida. Sasa leza haijui maji wala masizi, inaona tone kubwa linang'aa, inaripoti uchafu. Mitambo rasmi haifanyi hivyo kwa sababu inakausha hewa kabla ya kupima, au karatasi ya chujio inapumzishwa kwenye chumba chenye unyevu wa asilimia 30 mpaka 40 kabla ya kupimwa kwenye mizani.

Binti akapata fomula ya EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, iliyotengenezwa kwa vifaa vyenye kihisi cha aina hiyo hiyo: chukua namba ya kifaa uzidishe kwa 0.524, toa unyevu uliozidishwa kwa 0.0862, jumlisha 5.75. Kifaa kikisema 90 na unyevu ni asilimia 90, unabaki na kama 45, nusu imeyeyuka hapo hapo. Alitaka kuipitisha kwenye faili lote na kumaliza. Msimamizi akamzuia tena, kwa sababu fomula ile imepikwa na vumbi la Marekani na hewa ya Marekani, moshi wa kuni wa uwani na chumvi ya Bahari ya Hindi haikuviuliza. Wakakopa pampu ya chujio maabara, wakaifunga sambamba na kifaa, na hapa walifanya kitu ambacho watu wengi wanakiruka: badala ya chujio moja la saa 24 waliweka la alfajiri peke yake na la mchana peke yake. Chujio la siku nzima lingechanganya alfajiri mbichi na mchana mkavu kwenye uzito mmoja, na swali lao lote lilikuwa la alfajiri.

Majibu yakaja kama mtu angetegemea. Mchana kifaa na chujio havipishani sana, alfajiri kifaa kinazidisha, siku zenye umande mzito kinazidisha mno. Lakini hata mizani ilisema alfajiri ni chafu kuliko mchana. Mlima upo, ulikuwa umevimba tu.

Jiko je? Wakalinganisha siku za shule na Jumamosi na Jumapili, jiko halijawashwa, unyevu ule ule. Mlima wa wikiendi ulikuwa mfupi. Hapo binti alitaka kufunga hesabu, na hapa ndipo mimi kama mtahini nilikuwa nasubiri ripoti ianguke, kwa sababu wikiendi alfajiri na magari nayo ni machache, unatofautishaje? Ila walikuwa wameshalijibu. Walifunga kifaa cha pili kwenye ukuta wa barabarani, mbali na jiko. Siku za shule kifaa cha ofisini kinaruka saa kumi na moja, cha ukutani kinapanda polepole na kwa kuchelewa, kama moshi umetembea kuufuata. Hiyo inatosha kusema chanzo kikubwa cha ule mlima wa dirishani ni jiko na uchomaji wa majani.

Wakaongeza na vichupa vya kupimia nitrojeni dayoksaidi, gesi inayotokana na moshi wa magari, vile vya plastiki vya Palmes, vilivyoanza 1976, ambavyo bado sijaona kitu kizuri kuliko hivyo cha kufundishia. Havina umeme wala bando. Ndani juu kuna wavu uliopakwa trayethanolamini, gesi inapanda yenyewe taratibu na kunaswa, unakiacha wiki mbili mpaka nne, unarudi maabara unatia dawa za rangi, kimiminika kinakuwa cha zambarau, unasoma ukali wa rangi kwenye spektrofotomita karibu na nanomita 540. Vya ukutani vilitoka na rangi kali kuliko vya nyuma ya shule. Kumbe barabara nayo ina lake.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa kurudi kwa wazazi na kila kitu, hata zile grafu za mwanzo zenye saa ya uongo. Kabla ya hapo binti aliomba ruhusa ya mama mpishi kuweka kifaa ndani ya banda lake. Namba zilipita 500, na hapo ndipo mwisho wa eneo ambalo mtengenezaji wa hicho kihisi anasema kinaaminika, kwahiyo ripoti iliandika tu "zaidi ya uwezo wa kifaa" bila namba. Sahihi kabisa, ningeona namba pale ningekata maksi.

## Matokeo

Kikao cha pili kilikuwa kigumu kuliko cha kwanza. Wazazi walikuja wamejiandaa kusikia malori, wakasikia jiko, na kwa wale walioshasikia habari za bahasha hiyo ndio ikawa bahasha yenyewe sasa imethibitika. Mzee mmoja alisimama akasema, "Dokta, tunakuheshimu, lakini kuni tumepikia tangu enzi za babu zetu, haya makontena ndio mapya." Watu wakapiga makofi. Msimamizi alitaka kujibu na grafu nyingine, mwalimu mkuu akamtangulia na kumwomba mama mpishi aseme. Alisema hana la kusema juu ya mashine, ila macho yanamuuma tangu aanze kazi ile na kifua chake usiku kinapiga filimbi, na hakuna kikao kilichowahi kuitishwa kwa ajili hiyo. Kikao kilibadilika kuanzia hapo.

Uchomaji wa majani uliachwa karibu mara moja, wakachimba shimo, hiyo ilikuwa bure. Jiko lilichukua muda. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja zilishaagizwa kuachana na kuni na mkaa, lakini agizo na mtungi wa gesi ni vitu viwili, mtungi unajazwa kwa hela na michango ya uji yenyewe ilikuwa inasuasua. Wakaanza na bomba la kutolea moshi juu ya paa na jiko banifu, gesi ikaja baadaye kwa siku za wiki ambazo hela ipo. Mlima wa alfajiri kwenye dirisha la ofisi ulipungua kwa macho. Malori yanapita vile vile mpaka leo.

Binti alifaulu. Mtahini wa kwanza alitaka kumkata sana kwa ile picha iliyovuja, mimi nilipinga, hakuipiga yeye.

## Uchambuzi

Kilichookoa hii kazi ni vipimo viwili visivyotegemeana vilivyogombana. Daftari la mzee na faili la kifaa vilisema vitu tofauti kuhusu saa nane, na ugomvi huo ndio uliofungua kila kitu. Kama kungekuwa na kifaa peke yake ile UTC ingeingia mpaka kwenye jalada la ripoti. Msimamizi kusema daftari ni hadithi ni tabia tuliyonayo wengi, tunaamini kitu kikiwa na desimali. Mlinzi hawezi kukuambia maikrogramu, sawa, ila anajua ni saa ngapi na kinachoungua ni nini, na mashine ilikuwa haijui vyote viwili. Sasa hivi mimi kwenye kila mpango wa utafiti wa uwanjani nadai daftari la matukio la mtu anayeishi au kufanya kazi pale, alipwe, na jina lake lionekane kwenye shukrani kama akipenda.

Kilichofuata ni joto kuwa saa. Hii ni mbinu ya bure, kabla hujaangalia uchafu angalia jua linachomoza wapi kwenye faili lako. Umeme ukikatika na kifaa kikijiwasha upya saa inaweza kuruka, bando likiisha data inaingia kwa mkupuo ikiwa na muda wa kupokelewa sio wa kupimwa, yote hayo curve ya joto itakuonyesha.

Kilichofeli zaidi, kwa maoni yangu, ni ukimya. Najua wenzangu wengi hawakubaliani, wanasema tatizo lilikuwa picha kuvuja. Picha ilivuja ndio, lakini wazazi wangepewa karatasi moja siku ile ile, imeandikwa kwa lugha yao kwamba kifaa hiki kinaweza kuwa kinazidisha alfajiri kwa sababu ya unyevu, tunakagua, tutarudi mwezi fulani na majibu hata kama hayapendezi, kikao cha pili kisingekuwa vile. Walichopata ni ukurasa uliozimwa. Mtu akinyang'anywa namba aliyoiona kwa macho yake hawezi kufikiri kwamba unahakiki, atafikiri unaficha. Kwenye hili kisa sayansi ilienda vizuri kuanzia katikati na uaminifu haukurudi kikamilifu.

Mahali pa kufunga kifaa, hapo siwezi kuwa mkali sana. Ukipima Dar unafuata soketi na unafuata usalama, kila mtu anajua. Ila ukifuata soketi basi chora na vitu vyote vinavyoizunguka hiyo soketi, jiko, shimo la taka, jenereta, choo, banda la mama ntilie nje ya geti.

Sasa kuna kitu ripoti ilikosea na sijaridhika nacho mpaka leo. Hitimisho lake lilisema barabara ina "mchango mdogo". Kwa ushahidi gani? Hivi vifaa vya leza vinaona vibaya sana chembe zilizo chini ya maikromita 0.3, na masizi mabichi ya injini ya dizeli mengi yapo huko chini, tena ni meusi, yanameza mwanga badala ya kuutawanya. Kwahiyo kifaa kile kile kinachozidisha chumvi kinapunguza dizeli. Tone la bahari lisilo na madhara kinalihesabu, na lori kinaliachia nusu. Vichupa vya Palmes ndivyo vilivyonusa barabara na matokeo yake yakatupwa kwenye kiambatisho kwa sababu hayakuwa PM2.5! Yule mzee wa kikaoni hakuwa sahihi kuhusu kuni, ila alikuwa na haki ya kuendelea kuuliza kuhusu makontena, na tukamjibu kwa mashine isiyoweza kujibu swali lake.

Kuna na aya moja ya ozoni, ya kujifunzia. Walikuwa na kihisi kidogo cha ozoni, kikaonyesha ozoni ya ukutani iko chini kuliko ya nyuma ya shule, na ripoti ikaandika hiyo kama dalili nzuri kwa hewa ya barabarani. Hapana. Magari yanatoa nitrojeni monoksaidi, ikikutana na ozoni inaichukua oksijeni moja, unapata nitrojeni dayoksaidi na oksijeni ya kawaida. Ozoni kushuka pale ni alama ya moshi wa magari, na ile dayoksaidi ndiyo waliyoinasa wenyewe kwenye vichupa kwa rangi ya zambarau, kurasa chache mbele. Vitu viwili vya ripoti moja vinaongea na hakuna aliyevikutanisha. Kwenye usaili nilimuuliza, akanyamaza kidogo, akacheka, akauandika mlinganyo ubaoni mwenyewe.

Na kipindi. Vipimo vyote ni vya mwisho wa masika na mwanzo wa kusi. Kaskazi ikiingia, Desemba mpaka Machi hivi, upepo unageuka, moshi wa barabara ile ile unaweza kuelekea madarasani au kuyaacha. Ripoti haikusema hivyo waziwazi, ikaongea kama mwaka mzima umepimwa.

Kuna na machujio yaliyowekwa upande wa barabara, nayo bado yapo, yamehifadhiwa maabara kwenye bahasha, yamepimwa uzito tu. Weusi wake haujasomwa. Hiyo haihitaji mtambo mkubwa, Waingereza walipima moshi wao miaka mingi kwa kuangalia doa kwenye karatasi ya chujio linarudisha mwanga kiasi gani, na kifaa cha kusoma mwanga unaorudi kinatengenezeka hata na mwanafunzi wa fizikia. Chujio la alfajiri la jikoni na chujio la saa nne mpaka saa saba usiku la ukutani, weka sambamba, soma weusi kwa kila maikrogramu. Nimeshamwambia msimamizi, amesema mwanafunzi wa mwaka huu ataichukua, na safari hii kamati ya shule wanapewa nakala ya mpango kabla hakijafungwa kifaa chochote.